Majira ya Maua, na Barua Niliyoificha

Thuwaiba mwanangu,

Upo chumba cha pili, sauti yako nnaisikia, unagombana na begi lisilotaka kufunga, na mimi nimekaa huku jikoni nnakuandikia kama mtu aliye nchi nyengine. Salamu zangu zipokee hivyo hivyo, za karibu. Alasiri imeshasaliwa. Mjomba wako Khalfan amelala sebuleni na gazeti usoni. Kesho wakati kama huu utakuwa angani, na mimi nitakuwa nimerudi hapa hapa, kwenye kiti hiki. Nimeona niandike sasa kabla mikono yangu haijatafuta sufuria ya kusugua.

Sitakuandikia habari za soksi. Fulana za kuvaa ndani, dawa ya mafua, nyama ya halali inauzwa wapi, nani wa kumpigia simu ukiumwa, hayo yote Khalfan keshakwambia mara tatu, na ya nne atakwambia kesho uwanja wa ndege. Mimi nna jambo moja tu, na nnalizunguka tangu mwezi wa tatu.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Kiarabu changu cha kuandika unakijua, nilikipata ukubwani, kinatosha barua ya baladiya, wale watu wa manispaa. Jambo hili nikilisema kwa Kiarabu kile litatoka kama ombi la kuungiwa maji.

Nianze Hamriya, tulikokaa zamani, kwa sababu ndiko nilikoanza kuwa mwoga mbele yako.

Unaikumbuka nyumba ile, ghorofa ya pili juu ya duka la fundi cherehani. Jiko lilikuwa dogo, mtu akifungua oveni hawezi kufungua mlango. Chini ya kitanda changu kulikuwa na sanduku la bati, na ndani yake vitabu vya hadithi vya Kiswahili nilivyorudi navyo nilipokwenda kuitembelea Unguja mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Mimi niliondoka kule kuja nchi hii ya Kiarabu na umri wa miaka kumi na tano, skuli sikuimaliza, na kitu pekee nilichokuwa nikikililia ni vitabu vya maktaba yetu ndogo ya darasani. Basi nilipovipata tena nilivibeba kama dhahabu. Nilivificha kama dhahabu pia.

Babako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema. Naye hakuwa anajua kukaa. Akirudi kazini anatengeneza bomba, akimaliza bomba anapanga viatu. Kwake yeye hadithi ilikuwa uongo uliochapishwa, na mtu mzima kusoma uongo mchana kweupe ni maradhi. Hakuwahi kunikataza. Alisema tu, siku moja, tukiwa na wageni, kwamba fulani mkewe anasoma riwaya na nyumba imejaa vumbi. Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Tokea siku hiyo nikawa nasoma kwa siri ya oveni. Mkate wa mayai ulikuwa saa yangu. Nikishapiga mayai na sukari mpaka yakawa meupe, nikatia unga na iliki, nikauingiza motoni, nilikuwa na nusu saa ambayo hakuna mtu wa kuniuliza nafanya nini jikoni. Ile nusu saa ni sura moja ya kitabu, mbili zikiwa fupi. Babako akifurahi sana kwamba nyumba yake haikosi keki. Alidhani nampikia kwa mapenzi, na kweli nilimpenda, lakini nyengine zilikuwa keki za sura ya nne na sura ya tano.

Siku moja nilikisahau kitabu juu ya kopo la unga. Ulikuwa na miaka tisa. Babako aliingia kutafuta bisibisi akakiona. Akakiinua kwa vidole viwili.

"Cha nani hiki?"

Ulikuwa umesimama mlangoni na kikombe cha maziwa. Nami nikasema, "Cha Thuwaiba."

"Thuwaiba hajui hata kusoma Kiswahili."

"Ndiyo anajifunza," nikasema.

Akakugeukia. Hakukupiga, hata sauti hakuipandisha. Alikwambia kwamba mtihani wa Kiarabu umefeli na huku unapoteza wakati na ngano za watu, na kwamba mwezi mzima hutotazama katuni. Kitabu akakiweka juu ya kabati la chumbani, mbali, nisipokifikia hata mimi bila kiti. Wewe uliniangalia. Uliniangalia tu, na mdomo wa juu una maziwa, kisha ukainamisha uso ukasema, "Samahani, baba."

Alipoondoka ulikuja ukasimama karibu na oveni. Ukaniuliza taratibu, "Mama, kitabu hicho kinahusu nini?"

Nimeishi na swali hilo, Thuwaiba. Mtoto aliyesingiziwa na mamake, badala ya kulia, anataka kujua hadithi inahusu nini. Nilikuwa na nafasi ya kukaa chini pale pale sakafuni nikakusimulia. Nilikwambia, "Nenda kafanye kazi ya skuli."

Sijui kama unaikumbuka siku hiyo. Hujawahi kuitaja. Mimi nnaikumbuka kwa ajili yetu wawili.

Tulipohamia Mabela ulikuwa ushaanza sekondari. Nyumba mpya, mchanga kila upande, jirani wa karibu ni Bi Zuwena na ukuta wake ambao haujapakwa rangi. Nilidhani babako atapata vitu vya kutengeneza mpaka kiama. Badala yake akaanza bustani. Hakutwambia. Siku moja tu tukaona gari ya mchanga mwekundu na mbolea imemwagwa mlangoni, na yeye amekunja suruali. Alipanda mawaridi kando ya ukuta, asmini karibu na dirisha la jikoni, na kila mwezi wa kumi, joto likianza kulegea, akisia mbegu za maua ya msimu, yale meupe na ya zambarau yanayofanana na tarumbeta, na yale ya rangi ya chungwa yanayofunga jioni. Mtu asiyejua kukaa alikuwa akichutama saa nzima mbele ya tuta lenye vijani viwili viwili.

Tena kuna siku nilikuwa nimekaa kizingitini nachagua mchele, naye anamwagilia. Akasema bila kunitazama, "Ile hadithi ya Thuwaiba, yule mwanamke mwishowe alifika?"

"Mwanamke gani?"

"Yule aliyepanda treni usiku na mtoto. Mimi niliishia hapo, tukahama, sijui kitabu kiliwekwa wapi."

Fahamu nini alichokuwa akiniambia. Kile kitabu alichokiweka juu ya kabati alikuwa akikishusha na kukisoma. Naye alijua tangu mwanzo kuwa si chako. Alikuwa akinifungulia mlango, mwanangu, kwa namna yake, na mpira wa maji mkononi. Nilikuwa nikijua mwanamke yule alifika. Nilikuwa nikijua alimkuta nani stesheni, na alisema nini. Ningeweza kuweka ungo chini nikamsimulia mpaka magharibi.

Nilisema, "Sijui."

Akanitazama kidogo, akaendelea kumwagilia.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, alisia mbegu zake kama kawaida. Mwezi wa kumi na moja alitoka asubuhi kwenda kazini akiwa mzima, na adhuhuri Khalfan akaja kuniambia moyo wake umesimama. Hayo unayajua, ulikuwapo, uliushika mkono wangu. Sitayarudia.

Ninachotaka kukiandika ni eda yangu, kwa sababu hicho hukijui, ingawa miezi yote minne na siku kumi ulikuwa pembeni yangu.

Wiki za mwanzo nyumba ilijaa wanawake. Kisha kila mtu akarudi kwake na tukabaki wewe na mimi. Sekondari ulikuwa umemaliza, maombi ya chuo Khalfan alikusaidia kuyapeleka, na ulikuwa unangoja. Mimi nilikuwa siruhusiwi kutoka. Kila siku saa nane unusu nilikuwa nikisimama jikoni na mwiko, kwa mazoea, kisha nakumbuka kuwa hakuna anayekuja kula chakula cha mchana. Ukawa unanichukua mkono unanikalisha.

Kisha ukalitoa lile sanduku la bati. Ulikuwa unatafuta shuka. Ukaniletea kitabu cha juu ukasema, "Mama, nifundishe kusoma hiki."

Kiswahili ulikuwa unakisema tangu kuzaliwa lakini hujawahi kukisoma. Unakumbuka "ng'ombe"? Ulisoma "ni gombe", mara tatu, ukaniuliza ni nani huyo Gombe na mbona anakula majani. Nilikuwa nimeshika bakuli la mayai. Nilicheka mpaka nikaliweka chini. Sikuwa nimecheka hivyo tangu nikiwa msichana. Na wewe ukacheka, ukaendelea kumwita Gombe kila alipotokea, makusudi, ili nicheke tena.

Ikawa ndiyo siku zetu. Asubuhi ukisoma mimi nachanganya unga. Vileja, mkate wa mayai, boflo za hamira ambazo tatu za mwanzo zilitoka kama matofali ukazipeleka kwa mbuzi wa Bi Zuwena. Oveni haikuwa tena ya kujifichia. Unasoma kwa sauti, mlango wazi, na keki ikiungua ni kwa sababu hadithi imenoga na hakuna kati yetu aliyekumbuka kuitazama. Na mwezi wa pili, baridi ilipoanza kuvunjika, maua ya babako yakafunguka yote kwa pamoja. Meupe, ya zambarau, ya chungwa, hata njia ya kupita hatukuona. Tulihamisha mkeka tukawa tunakaa nje, mgongo kwenye ukuta wenye jua, chai kati yetu, na wewe unasoma. Asmini hatukuzichuma mwaka ule kwa sababu ya eda yangu. Zilidondoka zenyewe chini ya dirisha, na harufu ikaingia jikoni bila kualikwa.

Siku moja Bi Zuwena aliingia kwa mlango wa uani na sisi tumekufa kwa kicheko, mwandishi amemfanya kadhi ateleze kwenye maganda ya embe. Nilipomwona nilikaza uso. Nikajifuta macho kama mtu aliyekuwa akilia. Akasema, "Poleni jamani, Mungu atawapa subira," na mimi nikainamisha kichwa, nikasema amin. Wewe ulijiziba mdomo kwa kitabu. Ulidhani ni mchezo. Mimi nilikuwa naona haya mpaka miguuni, kwa sababu nilikuwa mjane wa miezi mitatu na sikuwahi, katika maisha yangu yote, kuwa na furaha kama ile.

Hapa ndipo penyewe, Thuwaiba. Sasa nitakwambia habari ya barua.

Siku niliyotoka eda Khalfan alinichukua kwa gari tukapita posta kufungua sanduku la babako. Funguo ilikuwa kwenye mnyororo wake pamoja na za ofisini. Ndani mlikuwa na karatasi za umeme, na bahasha nene yenye stempu ya kigeni, na jina lako. Nilikaa garini nikaifungua. Haikuwa yangu na niliifungua. Kiingereza changu ni kidogo lakini sentensi ya kwanza niliielewa. Wamekukubali. Unatakiwa ujibu kabla ya tarehe iliyoandikwa chini.

Khalfan akauliza, "Kuna lolote?"

"Karatasi za umeme," nikasema, nikaitia mkobani.

Nilipofika nyumbani ulikuwa uani, umeshika trei ya vileja, na kitabu kipo juu ya mkeka kimefunikwa kifudifudi pale tulipoishia. Uliniuliza, "Mama, hamna barua yangu?"

"Hamna."

"Basi inshaallah wiki ijayo," ukasema. Ukakaa ukaendelea kusoma. Nami nikakaa nikasikiliza, na sikudanganyi, nilisikiliza kwa raha. Barua nikaiweka kwenye droo ya jikoni, chini ya karatasi niliyotandika kwenye trei za kuokea. Kila nilipovuta trei nilikuwa najua ipo chini yake. Funguo ya posta nikabaki nayo mimi. Tarehe ikafika, ikapita.

Mwezi wa sita ulisema, "Khalas, mama. Hawakunitaka." Hukulia. Uliosha kikombe chako ukakipachika.

Uliyoyafanya baada ya hapo unayajua, lakini hukujiona. Nilikuona mimi. Ulipata kazi kwa yule wakala wa safari Hamriya, ukawa unaondoka na basi dogo la wafanyakazi asubuhi, unachapa tiketi za watu wengine, unarudi jioni na chakula chako cha mchana hujakigusa. Kitabu hukushika tena. Nilikuwa naoka, unasema umeshiba. Nilidhani nimeziweka zile siku zetu zisipotee, na kumbe zilikwisha siku ile ile nilipotia bahasha mkobani. Ulikuwepo nyumbani, lakini yule aliyekuwa akisoma na kucheka alikuwa ameshaondoka.

Mwezi wa kumi nilisia mbegu mwenyewe. Mwezi wa pili zikachanua, vizuri kuliko mwaka wa babako, sijui kwa nini. Na asubuhi moja ulikuwa unatoka kwenda kwenye basi, mkoba begani. Nikakwambia, "Thuwaiba, mawaridi yamefunguka."

Ukasema, "Mazuri, mama," na hukugeuza shingo.

Nilisimama pale na mpira wa maji ukimwaga mpaka tuta likazama. Ijumaa ile, tulipomaliza chai ya asubuhi, nikavuta droo nikakuwekea barua mbele yako.

Uliisoma mara mbili. Karatasi ilikuwa na doa la samli pembeni, ukalipangusa kwa kidole kana kwamba linaweza kutoka.

"Imekuja lini?"

"Siku niliyotoka eda."

"Mwaka jana."

"Ndiyo."

"Nani mwengine anajua?"

"Hakuna. Mimi tu."

Uliikunja barua, ukaifungua tena. Kisha ukauliza kile ulichokuwa na haki ya kukiuliza. "Kwa nini, mama?"

Na mimi nikasema, "Nilikuogopea. Mtoto wa kike, peke yako, nchi za watu."

Ulifunga nguo zako chache ukaenda kwa Khalfan. Siku tisa hukunipigia simu. Siku ya kumi ulirudi, umeshawaandikia wale watu wa chuo, wamekujibu uombe upya, na fomu ulikuwa nazo. Ulizitandaza juu ya meza ya jikoni. Bila kuinua macho ukasema, "Nimekusamehe, mama. Kila mzazi anaogopa. Ningekuwa mimi labda ningeogopa pia."

Nikakushukuru. Nikakukumbatia. Na tokea siku hiyo msamaha wako umenikaa hapa kifuani kama kipande cha mkate mkavu, kwa sababu umenisamehe kosa ambalo silo.

Sikukuogopea, Thuwaiba. Nakujua vyema. Mtoto aliyeweza kusema "samahani, baba" kwa kosa la mtu mwengine na miaka tisa hashindwi na nchi ya watu. Niliificha barua kwa sababu nilikuwa na furaha. Basi. Nilikuwa na kitabu kinachosomwa kwa sauti, na mikono yangu imejaa unga, na maua nje ya mlango, na wewe. Miaka ishirini nilikuwa nikiziiba raha hizo nusu saa nusu saa, na mara ya kwanza zikaja mchana kweupe, zikakaa. Nilipoiona barua sikufikiri juu ya baridi wala ya watu wabaya. Nilifikiri: nani atanisomea.

Hofu ni kitu cha heshima kwa mama. Ukisema uliogopa watu wanakuonea huruma. Kusema kwamba niliutoa mwaka wa mwanangu ili nisikilize hadithi na kula vileja juani, hilo sikuliweza. Nikakupa sababu nzuri badala ya sababu ya kweli, kama nilivyompa babako jina lako badala ya langu.

Sikuandikii ili unifariji. Wala sijui niseme nini cha kukufaa wewe katika haya, maana mimi mwenyewe nimeyajua kwa kuchelewa. Nnachoweza kukwambia ni kilichonitokea. Kila raha niliyoificha iliniharibikia. Babako angekaa na mimi kwenye kizingiti kile tukasimuliana mpaka giza lituingie, nami nikasema sijui. Wewe ungeweza kunisomea toka umri wa miaka tisa. Vitu vyenyewe vilikuwa vidogo, havina dhambi, kitabu, keki, maua ya msimu. Kilichovichafua ni mimi kushindwa kusema: hiki ni changu, nnakipenda. Kwa hiyo huko unakokwenda, ukipenda kitu, kiseme. Hata kama ni kidogo cha kuchekesha. Hata mbele ya watu wanaojua kuliko wewe.

Na usije ukadhani unaniacha kwenye giza. Juzi nilikwenda kwa Bi Zuwena nikamwambia ukweli wa siku ile, kwamba alipoingia sikuwa nikilia, nilikuwa nikicheka, na nilimdanganya kwa uso. Unajua alinijibu nini?

"Kwani sikukusikia? Nilikusikia tangu uani kwangu. Nilisimama nje kidogo nisikukatishe, mpaka miguu ikaniuma ndiyo nikaingia."

Nikamwambia, "Hukuniona mtu wa ajabu?"

"Mie mwenyewe eda yangu nilinenepa," akasema. "Nililala usingizi ambao sijaupata tangu harusi." Kisha akanishika mkono. "Macho yangu siku hizi hayaoni maandishi. Huyo Thuwaiba akenda zake, nani atakuwa anasoma?"

"Mimi," nikasema.

"Basi mie ntakuja. Na keki usiunguze."

Kwa hiyo Jumatatu anakuja. Tumeanza kuchagua kitabu. Mwezi wa kumi nitasia mbegu, na zikichanua nitakuandikia rangi zake kama zilivyo, sitakwambia uzikimbilie. Ukipata huko watu wa kukaa nao, ukipata jiko na dirisha, kaa. Usije mbio likizo kwa kudhani kuna mtu anakungoja kizingitini na mkono shavuni. Njoo ukiwa na hamu ya kuja.

Hapo mwanzo nilipanga kuitia barua hii begini mwako, kati ya fulana, uikute ukishafika. Nilikuwa nimeshatafuta na mahali. Ungekuwa mbali, ungeisoma peke yako, na mimi ningekuwa huku nasubiri simu, sioni uso wako. Nimeifikiria njia hiyo tangu asubuhi, na kila nikiifikiria naona ni ile ile droo.

Nimekusikia umeshafunga begi. Khalfan bado anakoroma. Nitaikunja mara mbili, nitavuka ukumbi, nitabisha mlango wako nikupe mkononi, na nitakaa kitandani pako unapoisoma. Ukitaka kusema, nipo. Ukitaka kukasirika, kasirika mbele yangu, leo, tuna saa nyingi mpaka kesho. Na ukiuliza tena kwa nini, safari hii nitajua la kukujibu.

Mamako